Kipimo

Bamvua ya kwanza ya Januari.
Maji yamepwa hadi kwenye miamba ambayo huonekana mara mbili tatu kwa mwaka,
na Balbina ameshuka pwani na buti zake za mpira,
bila reki, bila ndoo ya makombe.
Amebeba chekeche la unga.

Lile la jikoni, mpini umefungwa kwa waya,
lililochekecha unga wa mkate wa Noeli
wiki mbili tu zilizopita.

Huku Galisia, Uhispania inapokwisha na Atlantiki kuanza,
wanawake huulima mchanga.
Kila mmoja ana leseni yake na maumivu yake ya kiuno,
na shingoni, kwenye uzi, pete ya shaba: kipimo.
Kombe asiyepita tunduni ni wako.
Apitaye ni mtoto, mrudishe majini akue.
Mama yake Balbina aliifuata sheria hiyo
hata mwaka ule walipokula maganda ya viazi.

Kontena lilianguka mbali, usiku,
na hakuna aliyelisikia.
Bahari ikimeza hainong'oni.
Ikitapika, ndipo watu huamka.

Dorinda alidhani ni mvua ya mawe.
Mbwa wa Dorinda alidhani ni chakula.
Shakwe alidhani ni mayai ya samaki,
na shakwe hana wa kumuuliza.

Punje. Punje. Punje.
Ndogo kuliko dengu, nyeupe kama meno ya maziwa,
plastiki ambayo bado haijawa kitu:
haijawa chupa, haijawa ndoo, haijawa kiti cha harusi,
haijamfaa mtu hata siku moja
na tayari ni taka.

Nimewaona wakichambua, magoti mchangani,
kama mtu anayetoa chuya kwenye sinia la mchele,
ila hapa sinia ni maili tatu
na upepo unapeperusha ulichochagua
ukimpelekea jirani.

Akaja bwana kutoka mjini, koti lingali na mikunjo ya dukani.
— Kilo ngapi?
— Saa nne za kuinama. Nusu ndoo.
Akatafuta kwenye fomu yake mahali pa kuandika saa.
Hapakuwapo.
— Na unajua ni za nani?
— Ukimjua wewe, nipe anwani yake. Nitampelekea mwenyewe.

Saa saba maji yakaanza kujaa.
Kwenye mwani uliooza Balbina akamkuta shakwe,
mwepesi kuliko kofia yake ya sufi.
Akampasua kwa kisu cha makombe,
si kwa udadisi, ni mazoea ya mkono.
Tumbo lilikuwa tele.
Kifuani, mfupa mtupu.
Akasimama pale muda mrefu kuliko alivyokusudia:
hakujua kwamba kiumbe anaweza kufa na njaa
akiwa ameshiba.

Mjukuu wake, Breixo, miaka sita,
alikuwa amevua pete ya shaba kwenye msumari nyuma ya mlango
akamfuata nayo bibi yake hadi ufukweni.
Alichuchumaa. Alipima.
Punje ya kwanza ikapita tunduni.
Ya pili ikapita. Ya ishirini ikapita.
Alifanya kazi vizuri, ulimi nje kidogo,
kama alivyofundishwa majira ya joto.

— Bibi, zote ni watoto.

Akajaza kiganja, akaenda hadi maji yalipomfika vifundoni,
akanyoosha mkono ili azirudishe zikakue.

Balbina akakimbia, yeye asiyekimbia tangu apasuliwe goti.
Akaudaka ule mkono mdogo, akaufumba,
akabaki ameushika ndani ya mkono wake,
na bahari ikiwapanda taratibu miguuni,
hakuwa na sheria ya kumwambia.